Mtungaji Aliyefichika: Historia ya Fumbo la Sudoku na Tanzu Zake

Utangulizi

Katika uchunguzi wa fasihi simulizi ni desturi kutenga kitendawili na fumbo kwa kutazama umbo. Kitendawili huwa kifupi, hutegwa mbele ya hadhira, na jibu lake ni mali ya jamii nzima. Anayeshindwa kulitoa hudaiwa mji, na akiisha kuutoa huambiwa jibu ambalo wazee walilijua tangu zamani. Fumbo laweza kuwa refu, laweza kuandikwa, na jibu lake hutafutwa kwa werevu wa anayelifumbua. Utenganishaji huu ni sahihi kwa kadiri yake, lakini hausemi lolote juu ya mtungaji. Kitendawili hakina mwenyewe. Fumbo linaye: kuna mtu aliyelifumba kwa makusudi, akijua kwamba mtu mwingine, ambaye pengine hatamwona maishani, ataketi nalo na kulifumbua hatua kwa hatua.

Makala haya yanauchunguza uhusiano huo wa mtungaji na mfumbuaji kwa kufuata historia ya fumbo moja la tarakimu, yaani sudoku, na tanzu zilizochipuka kutokana nalo. Sudoku haikuzaliwa Afrika ya Mashariki, wala haihitaji neno hata moja la lugha yoyote ili ifumbuliwe. Hata hivyo ni utungo, kwa kuwa ina mtungaji, ina hadhira, na ina kanuni zinazobana mithili ya arudhi. Hoja inayotolewa ni kwamba historia ya sudoku ni historia ya mtungaji anayefichika na kufichuka. Wingi wa tanzu zake siku hizi hauwezi kuelezwa kwa tamaa ya mambo mapya peke yake. Ni jitihada za watungaji kurudisha mkono wa binadamu katika fumbo ambalo mashine imekwisha kuweza kulitoa kwa maelfu.

Kwa ajili ya msomaji asiyelizoea, yafaa kanuni zenyewe zielezwe kwanza. Uwanja wa sudoku ni mraba wenye vijumba 81, yaani mistari 9 ya kulala na mistari 9 ya kusimama. Mraba huo umegawanywa tena katika miraba midogo 9, kila mmoja ukiwa na vijumba 9. Tarakimu 1 hadi 9 sharti zionekane mara moja tu katika kila mstari wa kulala, katika kila mstari wa kusimama, na katika kila mraba mdogo. Baadhi ya tarakimu hutolewa tangu mwanzo. Hizo ndizo tarakimu za kianzio. Zilizosalia hutafutwa na mfumbuaji. Juu ya hayo yote kuna sharti moja ambalo halivunjwi: fumbo liwe na jibu moja, wala lisiwe na mawili.

Miraba ya kale

Kupanga alama katika mraba ili zisirudiwe ni jambo la kale kuliko mchezo wowote wa magazetini. Katika maandishi ya Kiarabu yanayonasibishwa na Ahmad al-Buni, mwanachuoni wa Afrika ya Kaskazini anayesemekana kufariki mwaka 1225, mna miraba ambamo kila alama huonekana mara moja katika kila mstari. Mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hataiona ajabu miraba hiyo, kwa kuwa miraba ya herufi na tarakimu imeandikwa kwa muda mrefu katika hirizi na talasimu. Lakini talasimu haikuandikwa ili ifumbuliwe. Ilikuwa imekamilika tangu ilipoandikwa, na nguvu yake ilidhaniwa kuwa katika ukamilifu huo.

Mwanahisabati Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel aliyefia St. Petersburg mwaka 1783, ndiye aliyeifanya miraba hiyo kuwa suala la elimu. Katika makala yake yaliyochapishwa mwaka 1782 aliuliza kama maofisa 36, wa vyeo 6 na kutoka vikosi 6, waweza kupangwa katika mraba ili kila mstari uwe na ofisa mmoja wa kila cheo na mmoja wa kila kikosi. Aliamini kwamba haiwezekani, na imani hiyo ilithibitishwa na Mfaransa Gaston Tarry karne moja na zaidi baadaye. Katika kazi hiyo Euler alitumia herufi za Kilatini na za Kigiriki badala ya tarakimu, na hiyo ndiyo sababu miraba ya namna hii ingali ikiitwa miraba ya Kilatini. Jina hilo ni ushahidi mzuri kwamba tarakimu katika mambo haya ni alama tu. Hazijumlishwi wala hazizidishwi. Herufi tisa, au picha tisa za wanyama, zingefaa vilevile.

Mraba wa Euler ulikuwa swali la mwanachuoni kwa wanachuoni wenziwe. Uligeuka kuwa fumbo la umma nchini Ufaransa. Gazeti la Le Siècle la Paris lilichapa mwaka 1892 mraba wa vijumba 81 uliojazwa nusu na kumwachia msomaji kuukamilisha, ingawa huo ulihitaji hesabu za kujumlisha. Gazeti la La France, katika toleo lake la tarehe 6 Julai 1895, lilikaribia zaidi umbo la leo: tarakimu 1 hadi 9 peke yake zilitumika, na jibu lake lilitimiza pia sharti la miraba midogo, ijapokuwa mipaka ya miraba hiyo haikuchorwa. Mafumbo ya jamii hii yaliendelea kuchapwa kwa miaka kadhaa, kisha yakatoweka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hayakuacha watungaji wa kuyarithi, na kwa hiyo yalikufa.

Mtungaji asiye na jina

Sudoku kama inavyojulikana sasa ilichapwa kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei 1979 nchini Marekani, katika jarida la mafumbo la kampuni ya Dell. Iliitwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mahali pa tarakimu". Jina la mtungaji halikuwekwa juu ya fumbo. Miaka mingi baadaye Will Shortz, mhariri wa mafumbo wa gazeti la New York Times, aliyapekua majarida hayo na kugundua jambo moja: kila toleo lililokuwa na fumbo hilo lilikuwa pia na jina la Howard Garns katika orodha ya jumla ya wachangiaji, na toleo lililokosa fumbo lilikosa na jina. Kwa njia hiyo ikajulikana kwamba mtungaji alikuwa msanifu wa majengo aliyestaafu, mkazi wa jimbo la Indiana, ambaye mwaka 1979 alikuwa na umri wa miaka 74. Garns alifariki mwaka 1989. Hakuishi kuliona fumbo lake likienea ulimwenguni, wala ulimwengu haukujua kwamba lilikuwa lake.

Wanafasihi wa Kiswahili watalitambua tatizo hili mara moja. Ni tungo ngapi katika hazina ya pwani ambazo jina la mtungaji wake limejulikana kwa ushahidi wa pembeni tu, kama vile mkono wa mwandishi, tarehe, au jina lililotajwa katika jibu la mpinzani? Malenga wa kale waliijua hatari hii, na ndiyo maana wengi wao walijitaja katika beti za mwisho. Garns hakupewa ubeti wa mwisho.

Japani: wasomaji wawa watungaji

Fumbo la Garns lilivuka bahari kwa njia ya Maki Kaji, Mjapani aliyeanzisha jarida la mafumbo la Nikoli mwaka 1980. Mwezi wa Aprili 1984 alilichapa fumbo hilo kwa jina refu la Kijapani lenye maana kwamba tarakimu sharti ziwe pweke, kama mtu asiyeoa. Jina hilo lilifupishwa likawa sudoku: su ni tarakimu, doku ni upweke. Historia ya jina hili haikukosa kinyume chake. Kwa kuwa Nikoli ilisajili jina la sudoku nchini Japani, wachapaji wengine wa huko walilazimika kutumia jina lililofinyangwa kwa kufupisha lile la Kiingereza. Nje ya Japani jina hilo halikulindwa hivyo. Matokeo yake ni kwamba Wajapani wengi huliita fumbo hili kwa jina la asili ya Kiingereza, hali Waingereza huliita kwa Kijapani. Mwenye kuchunguza maneno ya mkopo hapati mfano ulio bayana kuliko huu wa jinsi sheria na biashara, na siyo mahitaji ya lugha tu, zinavyoamua neno gani lisafiri.

Muhimu zaidi ni mabadiliko yaliyofanywa katika utungaji. Mwaka 1986 Nikoli iliweka masharti mawili: tarakimu za kianzio zisizidi 32, na mahali pake papangwe kwa ulinganifu, ili mraba ukigeuzwa juu chini sura yake isibadilike. Hakuna sharti hata moja kati ya haya lililohitajika kihisabati. Fumbo lisilo na ulinganifu hufumbulika sawasawa na lenye ulinganifu. Masharti haya ni ya sanaa, kama vile vina vya kati katika shairi la tarbia, ambavyo maana ingepita bila yake lakini sikio halikubali. Kwa kuyaweka, Nikoli ilitangaza kwamba sudoku ni kitu kinachotungwa kwa mkono, na kwamba mfumbuaji ana haki ya kuiona kazi ya mkono huo.

Tena jarida hilo liliendeshwa kwa tungo za wasomaji wake. Aliyefumbua leo alituma fumbo lake kesho, na wenziwe wakalifumbua. Mwenendo huu si mgeni kwa historia ya Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana mashairi na washairi wa Lamu kwa namna ambayo kila shairi lilidai kufumbuliwa na kujibiwa. Jarida la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya kutuma mashairi yao na kujibizana. Katika Nikoli, kama katika Mambo Leo, mstari kati ya msomaji na mtungaji ulikuwa mwembamba, na wembamba huo ndio uliolifanya jarida liwe shule.

Mashine

Mwaka 1997 Wayne Gould, raia wa New Zealand aliyekuwa jaji huko Hong Kong, alikiona kitabu cha sudoku katika duka la vitabu mjini Tokyo. Alitumia miaka ipatayo sita kuandika programu ya kompyuta ya kuyatoa mafumbo hayo, kisha akayagawa kwa magazeti bila malipo ili programu yake itangazwe. Gazeti la The Times la London lilianza kuyachapa tarehe 12 Novemba 2004, na katika mwaka 2005 magazeti mengi ya Uingereza na ya nchi nyingine yalikuwa yamelifuata. Mwezi wa Machi 2006 mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Lucca, Italia, na mshindi akawa Jana Tylová wa Jamhuri ya Cheki.

Haifai kuubeza mchango wa Gould, kwani bila yake fumbo hili huenda lingebaki Japani na katika majarida machache ya Marekani. Lakini enzi hiyo ilikuwa na gharama yake. Programu haihitaji kujua mfumbuaji atashangaa wapi, wala atacheka wapi. Inazitawanya tarakimu, inapima kama jibu ni moja, na kuendelea. Na malighafi haikwishi: Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis walihesabu mwaka 2005 kwamba miraba iliyokamilika yaweza kuwa 6,670,903,752,021,072,936,960. Mfumbuaji wa gazeti alibaki na fumbo lisilo na mtu upande wa pili. Lilikuwa limekaribia kuwa kitendawili tena, yaani kitu kisicho na mwenyewe, ila bila ya jamii iliyokipa kitendawili maana yake.

Tanzu mpya na mkono wa mtungaji

Ni dhidi ya hali hii kwamba kukua kwa tanzu za sudoku kunapaswa kueleweka. Utanzu ni sudoku ambayo kanuni zake za asili zimebaki, lakini imeongezewa kanuni nyingine. Baadhi zilikuwapo kabla ya enzi ya mashine. Katika miaka ya 1990 Wajapani walikuwa na aina ambayo vijumba hufungwa pamoja katika vizimba, na kila kizimba hupewa jumla yake; The Times lilianza kuichapa mwaka 2005 kwa jina lenye maana ya "muuaji". Hapo tarakimu zilirudishiwa thamani yake ya hesabu. Kizimba cha vijumba viwili chenye jumla ya 3 hakina budi kuwa na 1 na 2. Chenye jumla ya 17 kina 8 na 9. Kwa kuwa tarakimu zote tisa zikijumlishwa ni 45, mfumbuaji aweza kuzijumlisha jumla za mstari mzima na kugundua kijumba ambacho hakikutajwa. Fumbo la aina hii laweza kutolewa bila tarakimu hata moja ya kianzio.

Baadaye tanzu ziliongezeka mno. Katika moja, mstari huchorwa kama kipimajoto, na tarakimu zake sharti zipande kuanzia kwenye tungi. Katika nyingine, tarakimu zilizo juu ya mshale hujumlishwa kupata ile iliyo katika duara la mwanzo wake. Katika nyingine tena, mwendo wa farasi au wa mfalme katika sataranji huwa sheria: vijumba vilivyo mbali kwa mwendo huo havikubaliwi kuwa na tarakimu moja.

Mfano uliojulikana zaidi ni ule wa mwezi wa Mei 2020. Mtungaji Mitchell Lee alitoa fumbo lililokuwa na tarakimu mbili tu za kianzio, 1 na 2. Kanuni za asili zilibaki. Ikaongezwa kwamba tarakimu moja isirudiwe kwa mwendo wa farasi wala wa mfalme, na kwamba tarakimu zinazofuatana kwa hesabu zisikae katika vijumba vinavyogusana ubavuni. Mwingereza Simon Anthony alijirekodi akilifumbua, huku mwanzoni akishuku kwamba amefanyiwa mzaha, na filamu hiyo ilitazamwa na watu zaidi ya milioni moja. Kilichowavuta hakikuwa jibu. Walimtazama mtu akiutambua, hatua kwa hatua, ufundi wa mtu mwingine.

Wanaisimu wana sababu ya pekee ya kulitafakari fumbo hilo. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenziwe wa Dublin walionyesha, kwa msaada wa kompyuta, kwamba sudoku ya kanuni za asili haiwezi kuwa na jibu moja ikiwa tarakimu zake za kianzio ni chini ya 17. Lee alitoa mbili. Tofauti hiyo haikutoweka hewani. Ilibebwa na kanuni. Kadiri kanuni zinavyobana, ndivyo kinachohitajiwa kutajwa kinavyopungua. Msemaji wa Kiswahili anaitumia siri hii kila siku. Akisikia "hiki changu kimevunjika", hata kabla ya jina kutajwa amekwisha kuijua ngeli, na maelfu ya majina yamekwisha kuondolewa. Upatanisho wa kisarufi, ambao mgeni huuona kuwa mzigo, ni habari iliyotolewa bila kutamkwa. Mtungaji wa tanzu za sudoku ni kama mtu anayebuni sarufi ndogo kwa ajili ya sentensi moja tu.

Namna ya kutunga yenyewe inathibitisha hoja hii. Mtungaji wa mkono huanza na mraba mtupu na wazo moja: mahali ambapo kanuni mbili zitagongana kwa namna isiyotazamiwa. Huweka kizimba au mshale, hufumbua mpaka anapokwama, huongeza kingine, na kuendelea hivyo mpaka jibu libaki moja. Kisha humpa mwenzake alijaribu kabla halijatolewa kwa umma, kwa sababu mtungaji peke yake hawezi kujua kama njia aliyoikusudia ndiyo itakayoonekana. Kompyuta haikufukuzwa katika kazi hii, nayo hutumiwa kuhakikisha kwamba jibu ni moja. Lakini imerudishwa kuwa mtumishi.

Majina nayo yamerudi. Mafumbo haya hutolewa yakiwa na jina au lakabu ya mtungaji, kama walivyofanya washairi wengi wa magazeti ya Kiswahili, na wafumbuaji hujifunza kuitambua mitindo. Mtungaji mmoja wa Ujerumani anayejulikana kwa lakabu ya Phistomefel alilidhihirisha jambo la ajabu lililojificha katika kila sudoku tangu mwanzo: tarakimu 16 zinazouzunguka mraba mdogo wa katikati ni zile zile, kwa idadi ile ile, zilizo katika pembe nne za uwanja, vijumba vinne kila pembe. Uthibitisho wake ni mwepesi. Mstari wa tatu na wa saba wa kulala, pamoja na mraba wa kati wa kushoto na wa kulia, hufanya seti nne kamili za tarakimu 1 hadi 9. Mistari ya kusimama ya kwanza, ya pili, ya nane na ya tisa ni seti nne pia. Vijumba 20 vya pande zote mbili vikiondolewa, hubaki pete upande mmoja na pembe upande mwingine. Garns hakuliandika jambo hilo, na programu za mwaka 2005 hazikulitafuta. Leo pete hiyo inaitwa kwa lakabu ya mtungaji huyo.

Wako wanaolalamika kwamba wingi wa kanuni umelifanya fumbo kuwa zito, na kwamba urahisi wa kanuni za Garns ndio uliokuwa uzuri wake. Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake. Kanuni inayoongezwa bila sababu ni kama kina kinachotafutwa kwa kuharibu neno. Lakini dawa ya utunzi mbaya ni utunzi mzuri, na hilo huamuliwa na wafumbuaji, ambao huyasahau upesi mafumbo yasiyo na wazo.

Hitimisho

Mafumbo ya Ufaransa yalikufa kwa kukosa warithi, la Garns lilisafiri bila jina lake, na lile la mashine lilienea bila mtu. Lililodumu na kuzaa ni lile lililokuwa na watu pande zote mbili, kwanza katika kurasa za Nikoli na baadaye katika tanzu za leo. Maki Kaji alifariki tarehe 10 Agosti 2021, akiacha desturi ya utungaji ambayo haimhitaji tena mwanzilishi wake.

Kwa wanaokusanya vitendawili na mafumbo ya Kiswahili, historia hii ina funzo la kazi. Mikusanyo mingi huandika fumbo na jibu, na mara nyingine mahali liliposikika, kana kwamba kila fumbo ni la jamii nzima. Kwa vitendawili vya jadi hilo ni sawa. Lakini kuna mafumbo yanayotungwa hata sasa, vijijini, mijini na shuleni, na watu wenye majina na mitindo yao. Yapasa aulizwe aliyefumba, pamoja na jina lake na njia aliyokusudia ifuatwe, na hayo yaandikwe kando ya jibu. Howard Garns aligunduliwa kwa sababu mhariri mmoja wa jarida aliweka orodha ya wachangiaji. Pasipo orodha hiyo, jina lake lisingepatikana.